Motakaa ya Zamani Ivutayo Upande na Kutetemeka

Mtu mgonjwa akifika hospitali, daktari hamchomi sindano papo hapo. Kwanza humwuliza: Unaumwa wapi? Maumivu yalianza lini? Huzidi wakati gani, usiku au mchana? Akiisha kupata majibu ndipo anapotoa dawa. Lakini wenye motakaa wengi hawaifuati desturi hii njema. Motakaa ikianza kuvuta upande mmoja, au usukani ukianza kutetemeka mwendo unapozidi, wao hukimbilia dukani kununua vyuma vipya, na pengine fedha zote huisha kabla ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mwalimu mmoja akaaye Kibomet, pembezoni mwa mji wa Kitale, naye ana motakaa ndogo ya zamani iliyokwisha kupita katika mikono ya watu watatu kabla yake. Kila muhula unapofunguliwa humpeleka binti yake shuleni Bungoma. Hupita Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, na hapo huingia barabara kuu ya kwenda Malaba, ambayo malori ya Uganda hupita mchana na usiku. Sasa motakaa yake ina makosa mawili. La kwanza, akilegeza mikono kidogo, motakaa huelekea kushoto. La pili, mwendo ufikapo kilomita 80 kwa saa, usukani hutetemeka hata mikono ikafa ganzi. Rafiki mmoja amemshauri anunue shokabsoba nne mpya. Mwingine amemwambia abadili mitambo yote ya usukani. Fedha aliyo nayo ni karo ya binti yake. Afanye nini?

Makosa haya mawili yaweza kutokana na jambo dogo lisilogharimu hata senti moja. Tena yaweza kuwa onyo kwamba gurudumu li karibu kuchomoka. Kwa mtu aliyeshika usukani dalili zake hufanana sana. Ndiyo sababu kupuuza ni hatari, na kununua ovyo ni hasara. Njia iliyo salama ni kuiuliza motakaa maswali kwa utaratibu, kuanzia yale yasiyo na gharama.

MAMBO YASIYONGOJA KESHO

Kabla ya swali lolote, chukua spana ya magurudumu ukazijaribu nati zote. Nati zilizolegea hutikisa gurudumu kama vile uzani usio sawa unavyolitikisa, lakini mwisho wake ni gurudumu kuondoka na kwenda zake peke yake. Nati hukazwa kwa kuvukana: ukikaza moja, ifuatayo iwe ile inayoielekea upande wa pili, ili gurudumu likae sawasawa. Kila mara gurudumu linapotolewa na kurudishwa, nati zikazwe tena baada ya mwendo wa kilomita 50 au zaidi kidogo.

Kisha liangalie kila tairi, upande wa nje na upande wa ndani. Ukiona uvimbe ubavuni, au sehemu ya kukanyagia imeinuka mahali pamoja, jua kwamba nyuzi za ndani zimekatika na tairi hilo laweza kupasuka wakati wowote. Halina matibabu, litolewe siku hiyohiyo.

Wako watu wanunuao matairi yaliyokwisha kutumika, wakatazama kina cha meno peke yake. Wasahaulicho ni kwamba mpira huzeeka hata ukiwa umewekwa ghalani. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yaanzayo na herufi DOT, mna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma la mwaka, na mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi lililoandikwa 2312 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2012. Muuzaji aweza kulisugua tairi kwa dawa nyeusi likang'aa, lakini tarakimu hizo zitasema kweli.

KWA NINI MOTAKAA HUVUTA UPANDE

Barabara za lami hujengwa zikiinuka katikati na kushuka kandokando ili maji ya mvua yatiririke. Nasi huendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo hata motakaa nzima hupenda kuteremka kidogo kidogo kuelekea kushoto, wala hilo si ugonjwa. Ili kuutenga upole wa barabara na kosa la motakaa, tafuta mahali palipo tambarare na wazi pasipo watu, uendeshe polepole. Ikienda sawa hapo, huenda ni barabara tu. Lakini motakaa ikivuta kulia katika barabara ya kawaida, yaani ikijitahidi kupanda kuelekea magari yanayokuja, usiisingizie barabara.

Swali la kwanza ni upepo wa matairi. Tairi lililopungua upepo hulala, na linapolala huwa zito kusukuma. Upande wake hubaki nyuma na motakaa hugeukia upande huo. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi, kwa maana tairi lililokwisha kwenda mbali hupata moto na kipimo chake hupanda. Kipimo kinachotakiwa huandikwa katika kibao kidogo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Matairi mawili ya mbele lazima yalingane. La kushoto likiwa na 22 na la kulia 32, sababu moja umekwisha kuipata. Lakini usiridhike kwa kujaza tu. Ukilijaza leo na kesho limepungua tena, lina msumari au tundu.

Swali la pili ni matairi yenyewe. Yako matairi ambayo nyuzi zake hazikupangwa vema kiwandani, au yameliwa upande mmoja kuliko mwingine, nayo hubingirika kama kikombe kilicholazwa juu ya meza: hayaendi mbele bali huzunguka upande. Jaribio lake ni rahisi. Toa tairi la mbele la kushoto ulitie kulia, na la kulia ulitie kushoto, kisha uendeshe tena. Ikiwa motakaa iliyovuta kushoto sasa yavuta kulia, kosa limehama pamoja na tairi, basi ni la tairi. Ikiwa bado yavuta kushoto, matairi hayana hatia. Tahadhari moja tu: matairi yenye mshale ubavuni yametengenezwa kuzunguka upande mmoja, usiyabadilishe hivi.

Swali la tatu ni breki. Baada ya kwenda kama kilomita 10 bila kukanyaga breki mara nyingi, simama mahali salama. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa chuma, uone kama moja lina moto kuliko mengine. Likiwepo, breki yake haikuachia. Huenda kipande kinachosukuma kimeshika kutu, au bomba la mpira la mafuta ya breki limevimba kwa ndani, likapitisha mafuta yakienda na kuyazuia yasirudi. Motakaa hiyo huvuta kuelekea gurudumu lenye moto, petroli hupotea bure, na breki yaweza kushindwa kabisa katika mteremko mrefu.

Lakini ikiwa motakaa huvuta wakati wa kukanyaga breki tu, hapo watu wengi hukosea. Huona inavuta kulia, wakaenda kufungua breki ya kulia. Upande ule ambao motakaa huvutia mara nyingi ndio upande wenye afya, kwa kuwa breki yake inashika. Mgonjwa ni yule wa pili asiyefanya kazi, ama kwa kuvujiwa na mafuta ama kwa kukwama. Anzia huko.

KUTIKISA GURUDUMU

Maswali hayo matatu yakiisha bila jibu, au hata jibu likipatikana, ni vema kuvipima viungo. Weka motakaa mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Usiingie chini ya motakaa iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa nukta moja. Iwekewe kigogo imara au kiti cha chuma.

Sasa shika tairi juu na chini, ulisukume kwa mkono mmoja na kulivuta kwa mwingine. Likicheza na kugonga, ama beringi imekwisha ama kiungo kile chenye kichwa cha mviringo, ambacho mafundi hukiita boljointi, kimelika. Ili kujua ni kipi, mwambie mwenzako akanyage breki wakati unapotikisa. Mchezo ukikoma, ni beringi. Ukiendelea, ni kiungo. Halafu shika tairi kushoto na kulia, ulitikise vivyo hivyo. Likicheza namna hiyo tu, tazama ncha za fito zinazosukuma magurudumu, ambazo huitwa tairodi.

Boljointi ndicho kiungo kinacholishika gurudumu lisianguke. Kikichomoka motakaa ikiwa katika mwendo, gurudumu hulala chini ya bodi na usukani hauna kazi tena. Mwenye kukuta kiungo kinagonga asiseme, “Nitakwenda Bungoma kwanza, nitakitengeneza nikirudi.” Huenda asirudi.

KWA NINI HUTETEMEKA KATIKA MWENDO WA KASI

Tairi la motakaa ndogo, kila linapozunguka mara moja, huenda karibu mita 1.9. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huzunguka kama mara 12 katika kila nukta moja. Tuseme gurudumu limezidi uzani kwa gramu 30 upande mmoja wa ukingo wake, uzani ambao ukiushika mkononi hutauhisi sana. Katika mwendo huo gramu 30 hizo hulivuta gurudumu kwa nguvu ya karibu kilo tatu na nusu, mara 12 kila nukta, kama nyundo isiyochoka. Katika mwendo wa kilomita 40 nguvu hiyo haifiki kilo moja, kwa sababu mwendo ukiwa maradufu nguvu huwa mara nne. Ndiyo sababu motakaa hutulia mjini Kitale, kisha ikaanza kutetemeka ikishika barabara ya Webuye.

Watu wa Trans Nzoia wana sababu moja ya kutetemeka iliyo karibu nao kuliko wenyeji wa miji mikubwa, nayo ni tope. Wakati wa mvua, motakaa ikitoka katika njia za udongo, tope hujaa ndani ya ukingo wa gurudumu, upande usioonekana. Usiku hukauka likawa gumu kama tofali. Asubuhi mwenye motakaa aingiapo lami hushangaa kuona usukani wacheza ngoma. Tope la gramu 30 ni ujiti mdogo tu. Linalokutwa humo mara nyingi hupita hapo sana. Dawa yake ni debe la maji na kijiti cha kukwangua. Basi, kabla ya kumwona fundi, osha magurudumu kwa ndani.

Ikiwa magurudumu ni safi na bado motakaa hutetemeka, tazama kama vile vipande vidogo vya chuma vilivyobandikwa ukingoni vimeanguka. Hivyo ndivyo vinavyosawazisha uzani. Huwekwa kwa mashine, na kazi hiyo huitwa balansi; bei yake ni ndogo kuliko ya kifaa chochote utakachoshauriwa kununua. Tena inua gurudumu kwa jeki, simamisha kijiti ardhini karibu na ukingo wake, ulizungushe kwa mkono. Ukingo ukikikaribia kijiti na kukiacha, umepindwa na shimo la barabarani. Gurudumu lililopindika halisawazishwi kwa vipande vya chuma. Hunyooshwa au kubadilishwa.

MTETEMEKO UNAHISIWA WAPI, NA WAKATI GANI

Mikono ikitetemeka juu ya usukani, chanzo mara nyingi ni magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu zikitetemeka na usukani umetulia, tazama magurudumu ya nyuma. Katika motakaa zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, tazama pia ule mtaimbo mrefu unaopita chini ya sakafu kupeleka nguvu nyuma. Mtaimbo huo huzunguka mara tatu au nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo viungo vyake vya msalaba vikilika, mtetemeko wake ni wa haraka na wenye mngurumo.

Mtetemeko ukija wakati wa kukanyaga breki tu, diski za breki hazina unene sawa. Ukija wakati wa kuongeza mafuta na kukoma ukiachilia, chunguza viungo vya ndani vya mitaimbo miwili mifupi inayozungusha magurudumu ya mbele. Ikiwa motakaa hutetemeka hata imesimama injini ikinguruma, magurudumu hayahusiki. Vishikio vya mpira vinavyobeba injini vimechoka. Na ikichechemea katika mwendo wa pole, kilomita 20 au 30 kwa saa, tairi lina uvimbe au ukingo umepindwa sana.

MAGARI YALIYOZEEKA KWELIKWELI

Katika mashamba bado ziko Land Rover za zamani, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, na Peugeot 504, iliyotokea Ufaransa mwaka 1968 na kuunganishwa hapa Kenya mpaka mwaka 2004. Vyuma vyake hudumu sana, lakini bushi za mpira hazidumu. Bushi zikilegea, gurudumu hupata nafasi ya kusogea mbele na nyuma, na motakaa huvuta huku na huku kama ng'ombe asiyezoea nira.

Katika Land Rover hizo na pikapu nyingi, springi hupangwa vipande vya chuma juu ya vipande, na parafujo moja ya katikati huzishika mahali pake. Parafujo hiyo ikikatika, ekseli husogea nyuma upande mmoja, na gari huenda limepinda kama mbwa anayekimbia. Simama nyuma yake likienda katika barabara iliyonyoka, utaliona. Tena kama usukani wa gari lenye ekseli moja ya mbele unashikwa na kifafa baada ya kuangukia shimo, usizidishe mwendo ukitumaini kuupita. Punguza pole pole mpaka utulie, kisha fundi achunguze viungo vya ekseli hiyo vinavyogeuza magurudumu. Kimoja kimekwisha kulika.

KAZI YA MWISHO

Kunyoosha magurudumu kwa mashine, ambako mafundi hukuita alaimenti, watu hukufanya kwanza, na kungefaa kuwe mwisho. Mashine hiyo hupima gurudumu limeinama kiasi gani na limeelekea wapi. Lakini ikiwa viungo vimelegea, kipimo kilichowekwa asubuhi kitapotea katika shimo la kwanza jioni, na fedha zimepotea pamoja nacho. Kwanza upepo, matairi, breki na viungo, ndipo mashine. Nawe ukienda kwa fundi, usimwambie, “Nibadilishie shokabsoba.” Mwambie: “Inavuta kushoto wakati wote, siyo wakati wa breki tu. Usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80. Nimebadilishana matairi ya mbele na haikugeuka.” Fundi mwema atafurahi, kwa kuwa nusu ya kazi umemfanyia. Fundi asiye mwema atajua kwamba huyu hadanganyiki kwa urahisi. Kifaa kikibadilishwa, uombe kile cha zamani ukione kwa macho.

Turudi kwa mwalimu wetu wa Kibomet. Akifuata utaratibu huu Jumamosi asubuhi, yaweza kuwa hivi. Nati zimekaza. Tairi la mbele la kushoto lina upepo mdogo, na maji ya sabuni yanaonyesha msumari. Ndani ya gurudumu la mbele la kulia mna tope lililoganda. Akiisha kuziba tundu na kuosha, motakaa hutulia, na mtu mwingine angewasha injini aende zake. Lakini yeye ainua gurudumu kwa jeki, alitikisa juu na chini, na la kushoto lagonga. Mwenzake akanyaga breki, bado lagonga. Motakaa haitoki tena nyumbani mpaka fundi aje. Fedha itakayotoka ni ya kiungo kimoja, wala si ya shokabsoba nne. Karo itapungua, lakini haitaisha.

Hakuna aliyemwambia habari ya kiungo hicho. Wala kutetemeka hakukutoka kwake. Kulikuwa kwa tope tu. Angalinunua shokabsoba, motakaa ingetengenezwa nusu na kuoshwa siku moja kwa bahati, naye angeamini kwamba imepona, akampakia binti yake. Saa moja ya kuuliza maswali ndiyo iliyokifichua kilichokuwa kimejificha. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika motakaa, ufa huo waweza kuwa kiungo kisichozidi ngumi ya mtoto.